Kifungo Ndani ya Lami

Waliompa jina la Mama Lami walikuwa na adabu kidogo na utani mwingi. Hakuwa mama wa mtoto yeyote. Lami ndiyo ilikuwa mtoto wake: ile gundi nyeusi iliyokauka ikawa jiwe, inayomiminwa kiwandani ndani ya vifaa vya umeme wa pikipiki ili mtu asithubutu kuvifungua. Sidiai, kile kiboksi kinachopeleka moto kwenye plagi, hujazwa lami hiyo hadi mdomoni. Reguleta, inayodhibiti umeme uendao kwenye betri, nayo hivyo hivyo. Wauza vipuri watakwambia, bila hata kukutazama usoni, kwamba kitu hicho kikifa kimekufa, hakitengenezwi, tupa ununue kingine. Mama Lami alivifungua. Na akisikia mtu anasema "hakitengenezwi" alisonya msonyo uliosikika ng'ambo ya barabara.

Tusimpake mafuta: alikuwa mwanamke mkali, tena mkali wa mikono. Siku moja mteja alimshika kiuno akidhani anatania. Mama Lami alimwangushia betri mguuni, akamwambia samahani, imeteleza. Kisha akaiokota ile betri, na ikateleza tena. Tangu siku hiyo waendesha pikipiki walipoingia kwenye kibanda chake walisimama mbali na meza, mikono nyuma, wanasalimia kwanza ndipo wanaeleza shida.

Ukali huo hakuuokota njiani. Baba yake alikuwa fundi redio mwenye mkono mwepesi. Redio ikimshinda, alipiga watu. Mama yao alivumilia mpaka alipochoka, akatoka asubuhi moja kwenda kuteka maji na hakurudi, na ndoo hakuirudisha. Wakabaki mabinti wawili na yule mzee. Mkubwa alijifunza kusikia hatua za baba yake na kuzipima. Zikiwa nzito alimsukuma mdogo wake chini ya meza ya kazi, kisha yeye mwenyewe akakaa mbele akawa mlango. Kipigo kilimfikia yeye kwanza, na mara nyingi mzee alichoka kabla hajafika kwa mdogo. Huko chini, baada ya vurugu, walikaa kimya wakitazama matumbo ya redio yaliyotupwa, na mkubwa akaanza kuyagusa.

Siku aliyofungua kifaa chake cha kwanza kilichozibwa kwa lami, baba yake alimpiga kwa waya wa umeme kwa sababu ameharibu. Kisha mzee akakiunganisha ili amwonyeshe uharibifu, na kikafanya kazi. Basi akampiga tena, safari hii kwa sababu kimefanya kazi. Ubavu mmoja ulivunjika na haukuunga sawa. Ukimwona Mama Lami anainama juu ya meza utaona ameegemea upande mmoja, na huo ndio upande wenyewe.

Kazi yake ilikuwa ya moto na subira, na subira hiyo hakuwa nayo kwa jambo jingine lolote duniani. Alikibana kiboksi kwenye jiliwa, akakipulizia hewa ya moto kidogo kidogo mpaka lami ilegee, kisha akaikwangua kwa sindano ya kufumia vitambaa, punje kwa punje, asiguse waya zilizolala chini. Lami ya moto ikigandia kidole haing'oki kwa kupangusa. Inakwenda na ngozi. Kwa hiyo alikuwa na mtindo wake: ikimwunguza, kidole kinakwenda mdomoni hapo hapo, ananyonya, anatema pembeni, anaendelea. Wateja walikwisha kuuzoea. Walisema Mama Lami anaonja umeme kama mpishi anavyoonja chumvi.

Akishapata kilichokufa, mara nyingi ni kapasita iliyovimba, aliing'oa, akaweka nzima, akajaribu kama moto unaruka. Ndipo mdogo wake alipomletea lami mpya aliyoichanganya chumba cha nyuma, nao wakakiziba kiboksi. Lakini kabla ya kuziba kulikuwa na jambo moja. Zamani watu walimletea viboksi vilivyofunguliwa na mafundi wengine wakidai ni kazi yake imeharibika mapema, na kila mara ugomvi ukafika kwenye betri. Akaona bora aweke alama. Kila mteja alichagua ushanga mmoja kwenye kopo, rangi aipendayo, ukazikwa ndani ya lami. Hakuna atakayeuona tena mpaka siku kifaa kitakapofunguliwa. Waendesha pikipiki wakaufanya utani wao: pikipiki yangu imevaa shanga, ya kwako inatembea uchi. Kidogo kidogo utani ukageuka imani, na wapo waliokataa kupanda mlima kwa chombo kisichokuwa na ushanga wa Mama Lami.

Mmoja tu hakutaka ushanga. Huyo ni Filimbi, kijana aliyeitwa hivyo kwa sababu alipiga mluzi hata akiwa na abiria mwenye msiba. Alileta kifungo. Kifungo cheupe cha kawaida, cha matundu manne, kimetoka kwenye gauni la kwanza la binti yake. Alisimama pale akitazama lami inakifunika, kisha akazunguka kijiwe chote akisimulia, mpaka wenzake wakamwomba anyamaze. Kwa hiyo wote walijua: ndani ya sidiai ya Filimbi kuna kifungo cha mtoto.

Halafu Filimbi akauawa. Walimkuta kwenye barabara ya machimbo, kofia ngumu bado ipo kichwani, na chini ya kofia hakukuwa na kitu cha kutazama. Nondo iliyotumika ilikuwa pembeni. Pikipiki haikuwepo.

Sasa huyo mdogo wake Mama Lami. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Kicheko chake kilimtoroka popote, hata mazikoni, na ndicho kilichomvuta mwanamume mmoja mtanashati ambaye mtaa mzima ulimwita Marashi, kwa kuwa harufu yake ilifika kabla yake. Mama Lami hakumpenda tangu mwanzo. Alisema mtu anayejimwagia manukato hivyo ana kitu kinachonuka. Lakini mdogo wake alikuwa amekaa chini ya meza miaka mingi, alitaka kutoka, akatoka. Waliishi vizuri kwa muda ambao watu huishi vizuri. Kisha jioni moja Marashi akajikwaa mbele ya wageni wake, akaanguka na sahani mkononi, na mkewe akacheka. Wageni walipoondoka alichukua spana ya magurudumu akampiga nayo shavuni, mara moja tu. Alisema amemfundisha mdomo wake kufunga.

Taya liliunga kombo. Meno ya chini ya upande mmoja hayakukutana tena na ya juu. Maneno yalitoka yamebanwa, herufi nyingine zikavujia pembeni pamoja na mate, na mwanamke yule akaona aibu akaacha kusema. Chakula chake kikawa supu kwa mrija. Mama Lami alimchukua akamweka chumba cha nyuma, kisha akatia chuma chake cha kuchomelea kwenye moto mpaka kikawa chekundu, akakifunga kwa kitambaa kwenye mpini na kwenda nacho nyumbani kwa Marashi akikimbia. Alikuta mlango umefungwa, mtu amehama. Alisimama pale kibarazani chuma kikipoa mkononi, akaapa, kwa sauti, majirani wakisikia, kwamba siku atakayompata atamuua. Hakuwa mtu wa kusema neno hilo kwa mzaha, na hakulifuta.

Wakamletea wao.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Kwanza alisikia pikipiki nyingi kwa mpigo, zinanguruma bila kuhama gia, kisha kelele za watu, kisha kitu kizito kinachokokotwa juu ya kokoto. Walijaa mbele ya kibanda mpaka mwanga ukapungua. Mbele yao alikuwa Mwenyekiti wa kijiwe, jitu la miraba minne lenye kovu la moto kutoka kiganja mpaka kiwiko. Nyuma yake kaka yake Filimbi, macho mekundu, ameshika kidumu cha petroli. Na kati yao, mwisho wa kamba, mtu. Uso wake ulikuwa umevimba hadi haukujulikana ni wa nani. Jicho moja limeziba. Shati limekatika mabegani na damu imekauka kifuani, nyingine mbichi inatiririka kutoka sikioni. Mama Lami hakumtambua kwa kumwona. Alimtambua kwa pua. Chini ya damu na jasho na petroli, yale manukato yalikuwepo.



Mwenyekiti aliweka sidiai mezani akaeleza kwa ufupi. Wamemkamata huyu kwenye kituo cha mafuta na pikipiki isiyo na namba, tangi limepakwa rangi juu juu, namba zilizogongwa kwenye chuma zimesagwa. Ni aina ileile ya Filimbi. Sidiai yake imewahi kufunguliwa na kuzibwa upya kwa lami. Mtu mwenyewe anasema aliinunua kwa mtu asiyemjua, kwa bei nzuri, njiani. Kaka yake Filimbi alitaka wamalize kazi pale pale kituoni. Yeye Mwenyekiti ndiye aliyekataa, na wote walijua kwa nini. Mwaka uliopita walimchoma mtu kwa sababu ya pikipiki, na baadaye mkewe akaja na karatasi: pikipiki ilikuwa yake. Lile kovu la mkononi Mwenyekiti alilipata akijaribu kumtoa motoni, alipokuwa amekwisha kuchelewa.

"Mama Lami, hatutaki maneno," alisema. "Wewe fungua. Kifungo cha Filimbi kikiwemo, huyu ni wetu. Kisipokuwemo, anaondoka kwa miguu yake. Tumekubaliana wote."

Mtu wa kamba aliinua kichwa. Jicho lake zima lilimtafuta, likampata, na likajaa matumaini, jambo ambalo Mama Lami hakulitegemea.

"Shemeji," alisema. "Ni mimi. Niokoe."

Kaka yake Filimbi alimpiga teke la mbavu akanyamaza.  Mama Lami alivuta kiti, akavaa koti lake la kazi, akakunja uso. Akakibana kiboksi kwenye jiliwa na kuwasha hewa ya moto.

Moshi wa kwanza ulipopanda, alijua. Lami yake na ya mdogo wake ilipopata moto ilinuka sukari iliyoungua. Hiyo haikunuka sukari, ilinuka tairi. Fundi mmoja mahali fulani alikuwa ameyeyusha mpira akauchanganya na takataka nyingine, akapaka juu ili kazi ifanane na ya Mama Lami. Hakuhitaji kukwangua hata punje. Kiboksi hiki hakijawahi kufika mezani kwake, na Marashi, kwa mara moja katika maisha yake, alikuwa anasema kweli.

Watu wote wale na hakuna aliyejua ila yeye. Walikuwa wanatazama moshi.

Akaendelea kukwangua. Alikwangua polepole, kama siku zote, na kichwa chake kilikuwa kinakwenda mbio. Aliona uso wa mdogo wake usiku ule aliomleta, umefungwa kwa shuka, shuka limelowa. Aliona mlango uliofungwa, chuma kinapoa. Alikuwa ameapa, na sasa kiapo kimeletwa mpaka kwenye meza kwa kamba, na wala hahitaji kunyanyua mkono. Neno moja tu. Furaha ilimjia, tusidanganyane, furaha ya kweli, ikampanda kutoka tumboni hadi kooni kama tapishi.

Nyuma yake kazi nyingine ilikuwa inaendelea. Kaka yake Filimbi hakuwa na subira ya lami. Alikuwa amemkanyaga Marashi kiganja, anamwuliza nondo aliipata wapi, na kila Marashi alipojibu hajui, kisigino kiligeuzwa. Kidole kililia mlio mdogo, mkavu. Marashi alipiga ukelele. Wengine wakacheka, mmoja akageuka upande akatapika ukutani, na hakuna aliyemcheka huyo.

Koti la kazi la Mama Lami lilikuwa na vifungo vyeupe vya matundu manne. Cha mkono wa kushoto kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Tangu asubuhi alikuwa anajiambia atakishona. Alikitazama. Alichukua wembe wa kukatia waya, akajifanya anapunguza lami pembeni, na kifungo kikaanguka bila sauti kwenye shimo alilolichimba. Mwili wake uliinama juu yake ukakiziba wasikione. Kwa ncha ya sindano alikididimiza, akapitisha hewa ya moto kidogo, ule mpira ukakifunika nusu. Ukitazama ungesema kimelala humo miaka. Ilibaki ainuke tu na kusema tazameni.

Hapo pazia la chumba cha nyuma likasogea na mdogo wake akatoka.

Hakuwa na desturi ya kutoka wakiwepo watu. Waendesha pikipiki walinyamaza, wengi walikuwa hawajawahi kumwona uso mzima mchana. Alipita kando ya mumewe bila kuruka kamba, akaikanyaga. Marashi aliita jina lake, jina ambalo hakuna mtu mwingine alilitumia tena. Hakugeuka. Alikuja mpaka mezani akasimama karibu na dada yake, na macho yake yakashuka kwenye kile kiboksi, kisha kwenye mkono wa koti, pale uzi ulipokuwa umebaki peke yake. Miaka mingi alikuwa anafua koti hilo. Aliushika ule mkono na kuweka kidole gumba juu ya uzi.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. Maneno yalibanwa kama kawaida, lakini yalitoka. "Acha. Si hivi."

Mama Lami alimtazama. Alitaka kumsukuma. Alitaka kumrudisha chini ya meza, kama zamani, akae mbele yake na kulimaliza jambo peke yake. Mkono wa mdogo wake haukuachia.

"Umeona nini humo?" Kaka yake Filimbi alikuwa amesogea, kidumu mkononi, anachungulia juu ya bega. "Kimo? Sema, mama, kimo?"

Hakukuwa na nafasi ya kufikiri, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Alichomeka kidole kwenye shimo, akakiopoa kifungo pamoja na tonge la mpira unaotoa moshi, akashtuka kama mtu aliyeungua, na kidole kikaenda mdomoni. Wote walimwona akifanya hivyo, na hakuna aliyetia shaka. Mama Lami ameungua, Mama Lami ananyonya kidole. Kidole kilitoka. Kifungo kilibaki juu ya ulimi.

Maumivu yale hayaelezeki kwa adabu. Ulimi uliungua ukaganda na ule mpira, machozi yakamtoka, lakini mdomo hakuufungua. Alimeza mate yaliyonuka tairi, akakisukuma kifungo upande wa shavu, akainuka.

"Si yangu," alisema. Ilitoka imebanwa na kuvuja, hata Mwenyekiti akainamisha sikio akamwomba arudie. Ilikuwa sauti ya mdogo wake kabisa. "Hii si kazi yangu. Hakuna kifungo. Tazameni wenyewe."

Mwenyekiti alichukua kiboksi akakigeuza kwenye mwanga. Waya nyekundu, na yeye alijua Mama Lami hutumia nyeupe. Chini ya mpira mweusi kulikuwa na gundi ya kahawia. Hakuna ushanga, hakuna kifungo. Alishusha pumzi ndefu iliyokuwa imekaa kifuani kwake tangu mwaka uliopita.

Lakini kaka yake Filimbi hakuwa amekuja kutafuta ukweli, alikuwa amekuja na petroli. Alifungua kidumu akammwagia Marashi kichwani, ikamwingia kwenye jicho na kwenye vidonda, na Marashi akaanza kulia kwa sauti ya mtoto. Watu walirudi nyuma. Kiberiti kikatoka. Mwenyekiti alimrukia, wakaanguka wote wawili juu ya meza, jiliwa likang'oka, kopo la shanga likapasuka na shanga zikasambaa sakafuni zikiteleza chini ya miguu ya watu. Walipigana kimya, kwa viwiko na kwa meno. Kaka yake Filimbi alimng'ata Mwenyekiti kwenye lile kovu mpaka damu ikatoka. Mwenyekiti alimbana koo na ukuta, akampiga ngumi moja ya pua, ya pili, ya tatu, na kila ngumi alimwambia neno lilelile, kwamba si yeye, si yeye, si yeye. Kiberiti kilidondoka kwenye petroli, hakijawashwa. Kijana mkubwa yule akalegea, akateleza na ukuta hadi chini, akajifunika uso kwa mikono iliyojaa damu yake, na akamlilia Filimbi, mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekata kamba.

Marashi alikaa kitako, ananuka petroli. Alijipapasa kuona kipi kimebaki. Na hapa ndipo tutakapomjua mtu, maana wapo wanaotoka kaburini wakiwa wamejifunza kitu, na wapo wanaotoka vilevile walivyoingia. Alipoona hakuna anayempiga, alijaribu kutabasamu kwa midomo iliyopasuka. Aliwatazama wale dada wawili waliosimama pamoja.

"Nilijua shemeji hutaniacha," alisema. "Damu ni damu." Kisha akamgeukia mkewe. "Na wewe funga nguo zako. Yaliyopita yamepita. Leo tunarudi nyumbani."

Spana ya magurudumu ilikuwa inaning'inia ukutani, kwenye msumari, karibu na pazia. Mama Lami alikwisha kunyoosha mkono aipate, lakini mkono wa mdogo wake ulikuwa umetangulia. Mwanamke yule hakupiga kelele wala hakutetemeka. Alimwendea mumewe, akasubiri amtazame vizuri kwa lile jicho zima, akasubiri mpaka akaona kwamba ameelewa. Ndipo akampiga. Mara moja tu, shavuni, upande uleule. Taya lilivunjika kwa mlio uliowafanya hata wale waliokuja kuua mtu wafumbe macho.

Marashi alianguka ubavu. Alifungua mdomo na mdomo ukaenda pembeni peke yake. Sauti iliyotoka haikuwa na herufi.

Mkewe aliirudisha spana kwenye msumari. Mtu mmoja kule nyuma alianza kuuliza kwani huyu amefanya nini tena, na Mwenyekiti, aliyekuwa anafunga mkono wake kwa kitambaa, alimkata jicho.

"Hilo halituhusu," alisema.

Aliamuru wawili wampakie Marashi katikati yao kwenye pikipiki wampeleke hospitali, asije akafia pale wakaambiwa wao ndio wauaji. Akamnyanyua kaka yake Filimbi kwa makwapa, akamtembeza taratibu kama mgonjwa. Pikipiki ziliwaka moja moja. Aliyemuua Filimbi alikuwa bado yupo mahali fulani, anakula na kulala, na kila mmoja wao aliondoka akilijua hilo.

Wale dada walifunga mlango, wakamwaga maji mengi sakafuni, wakaokota shanga hadi migongo ikauma.  Jua lilipozama Mama Lami alikaa kwenye kiti chake, akainamia bakuli na hatimaye akatema. Kifungo kilitoka na mpira, na mpira ukatoka na kipande cha ngozi. Ulimi ulikuwa umevimba umejaa mdomo.

"Kwa nini ulinizuia?" aliuliza, na alilazimika kuuliza mara mbili ili aeleweke. "Ningemmaliza. Niliapa. Kwa ajili yako."

Mdogo wake alikuwa anapasha supu. Aliendelea kukoroga, akajibu akiitazama sufuria.

"Angekufa kwa ajili ya Filimbi," alisema. "Angekufa akijua hana kosa. Analia, anaonewa. Na mimi je? Mimi ningekuwa wapi?"

 Ghadhabu iliyokuwa imemshika Mama Lami tangu utotoni ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekaa chini. Alijaribu kucheka, na maumivu ya ulimi yakamkatisha, akashika shavu na kugumia. Ndipo mdogo wake alipomwona vizuri, koti halina kifungo, mdomo umeumuka, mate yanamtiririka kidevuni, na kile kicheko alichokuwa amekifungia chumba cha nyuma kikamtoroka. Kilitoka kombo, kimepinda, kinapuliza upande mmoja. Alicheka mpaka akashikilia meza.

Alimimina supu kwenye vikombe viwili. Akatia mrija kwenye kimoja, akatafuta mrija mwingine, akautia kwenye cha pili, na akamsogezea dada yake.

"Vuta polepole," alimwambia. "Mwanzoni inauma."